Nyuki wasiokubali mzinga: Maisha ya nyuki wakubwa wa Asia

MFUGAJI wa nyuki wa Ukambani au wa msitu wa Mau akitaka asali, hutundika mzinga mtini na kungoja. Nyuki wa Afrika hupenda giza. Makao yao huwa shimo la mti, ufa wa mwamba, kichuguu kilichohamwa na mchwa au gogo lililochongwa na binadamu kwa minajili hiyo. Humo hujenga masega kadhaa, moja sambamba na jingine, na mlango wao huwa tundu dogo ambalo walinzi wachache waweza kulilinda.

Barani Asia wapo nyuki wasiojua mlango wala ukuta. Hujenga sega moja tu, kubwa mithili ya mlango wa nyumba uliolazwa kwa ubavu, na kulitundika peupe chini ya tawi la mti mrefu au kwenye genge la mawe. Jua, mvua na upepo huwapata hapo hapo. Wakitiwa ndani ya mzinga huondoka zao. Binadamu amekula asali yao tangu kale, lakini hajafaulu kuwafanya mifugo.

Hao ndio nyuki wakubwa wa Asia. Kwa kuwa hawafugiki, hatima yao haiko mikononi mwa fundi wa mizinga. Hutegemea mambo mawili: kama mti wao utaachwa umesimama, na jinsi mrina asali anavyolikata sega.

Umbo na makao

Wataalamu humwita nyuki huyu Apis dorsata, jina alilopewa mwaka 1793 na mwanasayansi Johan Christian Fabricius wa Denmark. Huishi kuanzia Pakistan, India, Sri Lanka, Nepal na Bangladesh, kupitia Myanmar, Thailand na Vietnam, hadi Malaysia, Indonesia na Ufilipino. Nyuki kibarua hufikia urefu wa milimita 17 hadi 20, ilhali kibarua wa nyuki wetu wa Afrika Mashariki hana zaidi ya milimita 13 hivi.

Katika milima ya Himalaya yupo ndugu yake, Apis laboriosa, ambaye ndiye mkubwa kuliko nyuki wote wa asali duniani. Huyu hutundika sega lake kwenye majabali yaliyoinama, aghalabu kati ya mita 2,500 na 3,000 juu ya usawa wa bahari. Kwa muda mrefu baadhi ya wataalamu walimhesabu kuwa aina moja na Apis dorsata. Utafiti uliochapishwa mwaka 2020, uliofanywa katika jimbo la Arunachal Pradesh kaskazini mashariki mwa India, ulionyesha kwamba nyuki hawa wawili huishi eneo moja pasipo kuzaliana, ishara kwamba ni aina mbili tofauti.

Sega la Apis dorsata huwa na umbo la nusu duara. Laweza kufikia upana wa mita moja na nusu na kina cha mita moja. Upande mmoja wa juu, pale linaposhikana na tawi, huwa nene kuliko kwingineko, na hapo ndipo asali huwekwa. Warina asali hupaita kichwa cha sega. Chavua huhifadhiwa karibu na asali, na sehemu yote ya chini huwa ya majana, yaani watoto wa nyuki. Tofauti na nyuki wetu, ambao huwajengea madume vyumba vikubwa zaidi, nyuki hawa hulea vibarua na madume katika vyumba vya ukubwa mmoja.

Kundi moja huwa na makumi ya maelfu ya nyuki. Aidha, makundi hupenda ujirani. Mti mmoja mkubwa waweza kubeba masega kumi, hamsini, hata zaidi ya mia moja. Nchini Malaysia na Indonesia mti unaosifika kwa hilo ni tualang, ambao hupita mita 80 kwa urefu. Shina lake ni laini lisilo na matawi hadi juu sana, kwa hiyo dubu wapendao asali hupata taabu kuukwea.

Pazia lenye uhai

Mtu akilitazama kundi la nyuki hawa kutoka chini, halioni sega lenyewe. Anachokiona ni nyuki watupu. Sehemu kubwa ya vibarua, zaidi ya wanane kwa kila kumi, hawana kazi nyingine isipokuwa kuning'inia. Hushikana miguu, vichwa juu na mikia chini, tabaka juu ya tabaka, hadi wamelifunika sega lote pande zote mbili.

Pazia hilo ndilo nyumba yao. Mvua ikinyesha, maji huteremka juu ya mabawa yao kama yanavyoteremka juu ya makuti yaliyoezekwa vyema. Usiku wa baridi hukazana ili joto lisipotee. Jua likichoma, hulegeza safu zao na kuacha hewa ipite. Kwa njia hiyo, majana waliomo ndani hukaa katika joto la kadiri ya nyuzi 30 hadi 35 za Selsiasi, japo nje hakuna dari wala kiambaza.

Upande wa chini wa pazia huwa na sehemu yenye harakati nyingi kuliko pengine. Hapo ndipo wachumaji hutua na kuruka, na wataalamu wameiita mdomo wa kiota. Kwingineko kote huwa shwari, hadi adui atokee.

Adui wao mkubwa miongoni mwa wadudu ni mavu, ambao huwinda nyuki mmoja mmoja. Vu akikaribia, nyuki walio mbele yake huinua matumbo yao juu kwa ghafla na kuyashusha. Wenzao wa kando hufanya vivyo hivyo, kisha wa kando yao, na katika muda usiotimia sekunde moja wimbi jeusi lenye kumeta hupita juu ya pazia zima. Mfano wake ni mashabiki uwanjani wanaposimama na kuketi kwa zamu hadi wimbi likauzunguka uwanja.

Mtafiti Gerald Kastberger wa Chuo Kikuu cha Graz nchini Austria pamoja na wenzake walilichunguza jambo hilo nchini Nepal kwa kutumia kamera, na mwaka 2008 wakachapisha matokeo yao. Walionyesha kwamba mawimbi hayo huwafukuza mavu. Vu anayewinda karibu na kiota hugeuka na kujitenga pindi wimbi linapoanza. Nyuki hujilinda hivyo pasipo kupoteza hata mmoja wao, kwa kuwa nyuki aumaye mnyama mwenye ngozi nene huacha mwiba wake na kufa.

Adui akiwa ni ndege mkubwa, nyani au binadamu, wimbi halitoshi. Hapo nyuki hushuka kwa mamia au maelfu. Mwiba mmoja ukiingia huacha harufu inayowaita wengine mahali pale pale, nao humfuata mkosaji masafa marefu. Watu wamefariki kwa kuumwa na nyuki hawa, ndiyo maana hata warina asali hodari huwakaribia kwa adabu.

Wachumaji wa mbalamwezi

Kazi ya nyuki wengi hukoma jua linapotua. Nyuki mkubwa wa Asia huweza kuendelea. Mwezi ukiwa nusu au zaidi, vibarua wake hutoka na kuchuma kwenye miti inayochanua usiku.

Nyuki wa asali huelezana mahali pa chakula kwa kucheza. Anayerudi na shehena hukimbia huku akitikisa tumbo, na mwelekeo wa mwendo wake huwaonyesha wenzake pembe iliyopo baina ya jua na maua. Nyuki wetu hucheza gizani ndani ya mzinga, na wenzao humfuata kwa kumgusa. Nyuki mkubwa huchezea peupe, juu ya pazia, mahali ambapo waweza kuonwa naye aweza kuiona mbingu. Mtafiti Fred Dyer wa Marekani aliwachunguza usiku na mwaka 1985 akaeleza jambo la ajabu: hata wakichuma kwa mwangaza wa mwezi, mchezo wao huelekezwa na jua. Ni jua ambalo limekwisha kuzama, na ambalo nyuki wangali wanakadiria lilipo chini ya upeo wa macho.

Faida ya uchumaji huo haiishii kwa nyuki. Miti mingi ya misitu ya Asia hutegemea nyuki hawa ili izae matunda na mbegu. Katika wilaya ya Kodagu, kusini mwa India, watafiti wamewaona kuwa wachavushaji wakuu wa kahawa ya robusta. Mashamba yaliyo karibu na misitu yenye miti ya nyuki hufaidika bila mwenye shamba kulipa chochote.

Mvua ya manjano

Nyuki hawa waliwahi kuingia katika siasa za dunia bila kujua. Tarehe 13 Septemba, 1981, Waziri wa Mashauri ya Kigeni wa Marekani, Alexander Haig, alitangaza mjini Berlin kuwa kulikuwa na ushahidi wa silaha za sumu kutumiwa katika Laos na Kampuchea, nchi ambayo leo ni Kambodia. Marekani iliulaumu Muungano wa Kisovieti na washirika wake. Wakimbizi wa kabila la Hmong, waliotoroka vita Laos na kuingia Thailand, walikuwa wameeleza juu ya matone ya manjano yaliyowaangukia kutoka angani. Sampuli za majani na mawe yenye madoa zikapelekwa maabara.

Wanasayansi walipoyachunguza madoa hayo kwa hadubini, waliyakuta yamejaa chavua za maua, tena chavua tupu ambazo utomvu wake wa ndani ulikuwa umekwisha kumeng'enywa. Matthew Meselson wa Chuo Kikuu cha Harvard na Thomas Seeley, mtaalamu wa tabia za nyuki, wakasema kuwa hiyo si silaha bali ni kinyesi cha nyuki. Mwaka 1984 walisafiri hadi Thailand kuthibitisha. Wakiwa huko, wao wenyewe waliangukiwa na matone ya manjano kutoka kwa nyuki waliokuwa juu mno kuweza kuonekana kwa urahisi.

Kilichokuwa hakijaelezwa ni kwa nini nyuki wengi watoke na kunya kwa pamoja. Mwaka 1989, Makhdzir Mardan na Peter Kevan walieleza katika jarida la Nature kwamba safari hizo, walizozichunguza nchini Malaysia, huwasaidia nyuki kupunguza joto la miili yao. Kundi linaloishi juani, na ambalo lazima liwakinge majana wake dhidi ya joto, hupata nafuu kwa kutua mzigo huo. Hivyo kisa kilichozua mtafaruku baina ya mataifa kikawa kimetokana na kuishi nje bila paa.

Serikali ya Marekani haikuyafuta rasmi madai yake, na mjadala juu ya yale yaliyowapata Wahmong wakati wa vita haukuishia hapo. Hata hivyo, kuhusu madoa yenyewe, ushahidi wa chavua umekubaliwa na wanasayansi wengi.

Wahamaji wenye kumbukumbu

Nyuki wakubwa hawakai mahali pamoja mwaka mzima. Maua yakipungua au mvua zikizidi, kundi hula akiba yake, huliacha sega tupu na kuondoka. Safari zao zaweza kufikia kilomita 100 au 200. Hawaendi kwa mkupuo mmoja, bali hupumzika njiani katika mabumba yaliyoning'inia mitini pasipo sega.

Miezi kadhaa baadaye hurejea. Si kwamba wanarejea katika msitu ule ule tu, bali mara nyingi katika mti ule ule, hata tawi lile lile. Watafiti walipima nasaba za makundi katika jimbo la Assam, India, na mwaka 2000 wakaeleza kuwa malkia waliohama walirudi mahali pao pa awali. Jambo hilo lingali fumbo, maana vibarua waliojua njia ya kwenda hawaishi muda mrefu kiasi cha kuwa ndio wanaoongoza njia ya kurudi.

Kuhama huko ni dawa pia. Nyuki hawa wana adui mdogo aitwaye Tropilaelaps, utitiri anayenyonya majana. Utitiri huyu hawezi kuishi siku nyingi pasipo majana, kwa hiyo kundi likiliacha sega na kusafiri, wengi wao hufa. Mambo huwa mengine anapowaingilia nyuki wa mizinga, ambao hulea majana karibu mwaka mzima. Utitiri huyo alikwisha kuwahamia nyuki wafugwao wa Asia, na mwaka 2024 ilithibitishwa kuwa amefika nchini Georgia, kwenye mpaka wa Asia na Ulaya. Hilo ni onyo kwa wafugaji wa kila bara, Afrika ikiwemo, kuhusu hatari ya kusafirisha nyuki kutoka nchi moja hadi nyingine.

Kamba, moshi na sala

"Fuata nyuki ule asali" ni methali ambayo watu wa Sundarbans huitekeleza kwa miguu. Huo ni msitu mkubwa wa mikoko ulio baina ya Bangladesh na India, penye delta ya mito Ganges na Brahmaputra. Msimu wa asali, ambao hasa ni Aprili na Mei, warina asali huingia humo kwa mashua wakiwa na vibali vya idara ya misitu. Hutembea topeni wakitazama juu, wakiwafuata nyuki wanaorudi na shehena. Macho yao yakiwa juu, hatari huwa chini, kwa sababu msitu huo una simbamarara. Kabla ya kuingia, Waislamu kwa Wahindu humwomba Bonbibi, bibi mlinzi wa msitu, awaepushie balaa. Mara nyingi masega ya huko huwa chini kiasi cha kufikiwa kwa urahisi, na warina huwafukuza nyuki kwa moshi wa majani mabichi yaliyofungwa pamoja.

Nchini Nepal, Wagurung huyaendea majabali ya Apis laboriosa. Moto huwashwa chini ya genge ili moshi upande. Mrina mmoja huteremka kwa ngazi ya kamba iliyosukwa kwa nyuzi za mianzi, na kwa fito ndefu huku ananing'inia hulikata sega na kulielekeza kwenye kapu. Picha za Eric Valli na Diane Summers, zilizotolewa mwishoni mwa miaka ya 1980, ziliwafanya watu hao wajulikane duniani. Asali ya majira ya kuchipua, ambayo nyuki huichuma kwenye maua ya rododendroni, huwa na kileo chake. Ina sumu iitwayo grayanotoksini, na mtu akiila kupita kiasi hupata kizunguzungu, hutapika na mapigo ya moyo wake hupungua.

Kwenye miti ya tualang ya Malaysia, kazi hufanywa usiku usio na mwezi. Mkweaji hupanda na mwenge wa mizizi, akifika juu huugonga kwenye tawi na cheche humiminika hadi chini. Nyuki huzifuata cheche hizo na kubaki ardhini hadi alfajiri, huku mrina akilikata sega kwa kisu cha mfupa. Chuma ni mwiko. Wazee husimulia kuwa nyuki hao walikuwa kijakazi mmoja mrembo, Hitam Manis, aliyependana na mwana wa sultani, akafukuzwa kasri na kuchomwa kwa mkuki wa chuma kabla ya kugeuka nyuki. Ndiyo sababu mrina huwaimbia kwa upole na hamtaji kwa jina lisilofaa.

Moto au kisu

Nyuma ya mila hizo lipo swali la maisha na kifo cha makundi. Mrina mwenye pupa huwasha mwenge wa miali, huwaunguza nyuki na kulikata sega zima, asali pamoja na majana. Hupata asali iliyochanganyika na maji ya majana waliopondeka, ambayo huchachuka haraka. Nyuki waliosalia huwa wamepoteza watoto wao, na malkia akiungua kundi lote limekwisha.

Ipo njia nyingine, na msingi wake ni umbo la sega lenyewe. Kwa kuwa asali iko kichwani na majana wako chini, mrina aweza kukata kichwa peke yake. Nyuki hawahami maadamu majana wao wapo. Hukijaza tena kichwa hicho, na katika msimu mzuri mrina hurudi mara ya pili, hata ya tatu.

Wanaofanya hivyo kwa ustadi ni wale waliobuni jambo lililo karibu na ufugaji. Katika misitu ya U Minh, kusini mwa Vietnam, watu husimika boriti kwa kuiinamisha, upande mmoja ukiwa juu kuliko wa pili, na kufyeka vichaka vilivyo mbele yake ili nyuki wapate njia ya kupita. Nyuki wahamao hukuta "tawi" lililo tayari na kujenga hapo. Kichwa cha asali hukaa upande wa juu, na mrina hukikata mchana akiwa na moshi kidogo tu.

Katika ziwa la Danau Sentarum, kisiwani Kalimantan, Indonesia, ubao wa aina hiyo huitwa tikung. Hufungwa mitini katika msitu unaofurika maji, na kila ubao huwa na alama ya mwenyewe. Vikundi vya warina wa huko viliunda muungano wao mwaka 2006, vikakubaliana jinsi ya kurina, kuchuja na kuuza, na mwaka uliofuata asali yao ikapata cheti cha kuthibitisha kuwa ni ya kiasili. Mwanachama akichoma moto msitu au kukata miti ya maua, huwa amejichomea duka lake mwenyewe.

Bila shaka, hata boriti au tikung si mzinga. Nyuki huja wapendapo na kuondoka wapendapo. Mwaka 1881 Frank Benton, mfugaji wa nyuki kutoka Marekani, alikwenda Asia akitumaini kuwachukua nyuki wakubwa ili akawafuge kwao. Aliwapata, lakini mpango wake haukufaulu. Hata leo hakuna aliyefanikiwa kuwatuliza ndani ya sanduku.

Wanapokosa tawi

Kiumbe asiyeweza kujificha hutegemea mahali pa kutundika sega. Miti mirefu inapokatwa kwa mbao, au msitu unapogeuzwa shamba la michikichi, nyuki hupoteza malisho na maskani kwa pamoja. Kila mti wa nyuki unapoanguka, makumi ya makundi yaliyozoea kuurejea hukosa pa kufikia.

Wengine wamehamia mijini. Katika miji ya India, masega yao huonekana chini ya matangi ya maji, madaraja, na roshani za majengo ya ghorofa. Wakazi huogopa, na kwa haki. Kwa kawaida suluhisho huwa kumwita mtu awapulizie dawa au kuwachoma usiku. Hata hivyo, kundi lisilochokozwa huweza kukaa msimu wake na kuhama bila kumdhuru mtu, na wapo wakazi waliojifunza kungoja siku hiyo.

Dawa za kuua wadudu mashambani nazo huwapata wakiwa kazini. Kundi la nyuki hawa halina mfugaji atakayelihamisha mizinga kabla ya shamba kupuliziwa.

Afrika haina nyuki wakubwa wa aina hii. Hata hivyo, binamu yao mdogo, Apis florea, ambaye naye hutundika sega moja peupe, lakini dogo kama kiganja cha mkono, aligunduliwa mjini Khartoum, Sudan, mwaka 1985, na baadaye akafika Ethiopia na Djibouti. Kwa hivyo, maisha ya nyuki wasiokubali mzinga si hadithi ya mbali tena.

Na hata kwa wanaofuga nyuki wa mizinga, funzo la Asia lina uzito. Mrina wa porini anayewasha moto chini ya mti wa nyuki huko Baringo au Kitui hupata asali ya siku moja, nao mti huenda ukaungua. Yule wa Danau Sentarum hukata kichwa, huacha majana, na msimu ujao huutazama ubao wake akiwa na tumaini. Nyuki hakupewa mlango wa kufungiwa, wala kamba ya kufungwa. Kinachomrudisha ni kukuta tawi lake lingalipo.